Bega la Bawabu

Bawabu aliinua rungu, na baba akaruka mapema mno. Rungu likamkuta anatua. Shujaa wake akalala kifudifudi mbele ya lango, kama alivyolala mchana kutwa.

"Tena," alisema baba, akapapasa meza mpaka akapata kikombe chake cha chai.

Binti yake alikuwa ameketi kando yake. Yeye ndiye aliyembuni Bawabu, adui wa mwisho katika mchezo wa video ambao kampuni yao ingeutoa karibuni. Kazi yake ofisini ilikuwa mapigano, na wenzake aliwaambia jambo lilelile kila mara: kumpa adui uhai mwingi si ugumu, ni kumchosha mchezaji vidole. Adui mgumu kweli hafichi kitu. Anainua bega, anakuonyesha pigo linakotoka, kisha anakuachia kazi ya kusubiri. Wengi hawashindwi na rungu. Wanashindwa kungoja.

Baba alikuwa fundi wa injini. Mwaka jana aliifunga karakana ghafla, akasema mikono imechoka, na tangu hapo akawa mtu wa kukaa tu. Mchezo huu ndio uliomrudishia hamu ya kuamka. Wiki iliyopita alibakiza pigo moja amwangushe Bawabu. Akamwapisha binti: "Usinirahisishie. Sikumdanganya mteja hata mmoja, na wewe usinidanganye."

Binti akaapa. Kisha, alipomwona mzee amenuna siku nzima, akaingia kwenye mchezo kwa siri akapunguza mwendo wa Bawabu: bega lipande polepole, rungu lishuke polepole, baba apate nafasi ya kuona. Ngurumo ambayo Bawabu huitoa kabla ya kupiga hakuigusa. Hiyo ilikuwa kazi ya watu wa sauti, naye aliihesabu pambo tu.

Mzee akazidi kupigwa. Binti akapunguza tena. Akapigwa zaidi.

"Huyu mmemchezea," alisema baba sasa. Feni alikuwa ameizima ingawa chumba kilikuwa tanuri, na spika ameivuta hadi ubavuni, akiiinamia kama alivyokuwa akiinamia injini za watu. "Zamani akinguruma, rungu hilo hapo. Siku hizi ananguruma, halafu anakwenda kunywa chai kwanza."

"Hapana, baba, hajaguswa. Wewe tazama bega. Likipanda, ngoja kidogo, ruka."

"Wewe na mabega yako."

"Una haraka tu."

"Basi nimezeeka." Safari hii hakutania. Aliiweka padi ya mchezo mapajani. "Mwambie kaka yako auze vifaa vya karakana. Kama hata hiki kitoto cha kompyuta sikiwezi, nangoja nini?"

Binti alihisi uso unamwaka. Alikuwa amemwapia mtu huyu macho makavu, na sasa uongo wake ndio uliokuwa ukimzika mzee akiwa hai. Badala ya kukiri, akasema:

"Mara moja tu, baba. Ya mwisho."

Mchezo uliendeshwa na kompyuta yake ndogo, iliyounganishwa kwa waya na runinga ukutani. Akaivutia mapajani na kumrudishia Bawabu mwendo wake wa awali, wote, bila huruma. Heri baba ashindwe kwa haki. Kisha angemwambia kila kitu.

Lakini akiiweka sawa aliivuta vibaya. Waya wa picha ukachomoka, runinga ikawa nyeusi tii.

"Samahani, baba, nime—"

"Kimya!"

Kwenye spika, Bawabu alinguruma. Baba akangoja, akaruka, akapiga. Bawabu akanguruma tena. Baba akangoja, akaruka, akapiga. Katika kioo kidogo mapajani mwake binti aliona bega likipanda, rungu likipasua hewa, jitu likiyumba, likipiga magoti, likianguka chali na lango kufunguka.

Baba aliruka kutoka kitini, padi juu, akicheka kama alivyokuwa akicheka injini iliyokufa inapowaka.

"Umemwona, mwanangu?" alisema, akiikazia macho runinga nyeusi tii na kuinyooshea kidole. "Umemwona alivyoanguka?"