Thuluthi Mbili

Mikono ilikuwa inapanda mmoja baada ya mwingine, na Raïssa alikuwa ameukalia wake.

Kampuni hii ya magari ilikuwa yao wenyewe, Warundi wahamiaji wa mtaa wa Vickery Meadow, kila mmoja na hisa zake. Katiba yake ilitaja faida, lakini pia ilitaja wagonjwa: wasiojiweza wapelekwe bure kusafishwa damu. Mama yake Raïssa alikuwa mmoja wao. Bila gari lile angefikaje kliniki, na miguu ile iliyovimba?

Kampuni kubwa ya Houston ilitaka kuungana nao, kwa sharti kipengele cha wagonjwa kifutwe. Bila thuluthi mbili ya kura, hakuna kuungana.

Mkurugenzi wake, Sufyan, alikuwa ameendesha gari tangu alfajiri kutoka Katy, kitongoji cha Houston. Alikuwa muungwana, kaja na halua. “Tuki-merge, hakuna atakayepoteza kazi,” aliwaambia. “Na asiyetaka ana right yake. A-vote hapana, hisa zake tutazinunua kwa bei halali.”

Kisha alisimama mzee Herménégilde, mwanzilishi. Ndiye aliyewapokea wote uwanja wa ndege, akawafundisha kuendesha gari katika barabara hizi za kutisha. Hakuna aliyewahi kumpinga mbele za watu.

“Wanangu,” alisema, “mgeni ametoka mbali. Mimi siwezi kumwambia hapana. Ndiyo maana nimewaita ninyi muamue.”

Basi nani tena angeamua vingine? Asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Ndipo mikono ilipoanza kupanda.

“Vote tu, dada,” Sabine, jirani yake, alimnong'oneza Raïssa. “Mzee ameshasema.”

Raïssa alikasirika, kisha akaona aibu kwa kukasirika. Mzee alikuwa anamtazama yeye tu, macho hayabanduki. Nani angestahimili macho yale? Akauinua mkono.

Thuluthi mbili ikatimia, ikapita. Sufyan alimpa kila mtu mkono, akashukuru, akaondoka zake.

Raïssa alimkuta mzee mlangoni, ameegemea ukuta.

“Baba, tumefanya ulivyotaka,” alisema, machozi yakimlengalenga. “Sasa mama yangu nani atampeleka?”

Mzee alijiondoa ukutani, akamgeukia.

“Mwanangu, hata wewe?” alisema. “Niliwaita mnisaidie kumkatalia.”