Kidole cha Kukunja

Mamba aliibuka nyuma ya mtumbwi wa shemeji yangu Solofo, mgeni kutoka Antananarivo, akiwa mrefu kuliko mtumbwi wenyewe. Mimi nilikuwa ufukoni na sufuria ya mchele, hata moto sijawasha.

Ziwani kwetu mamba ni wazee wetu waliokufa; kupiga kelele ni mwiko, na kulinyooshea ziwa kidole ni mwiko pia. Changu kilikwisha nyooka. Bibi anayelinda ziwa akakidaka, akakikunja kama ndoana.

"Wazee hawanyooshewi kidole, baba," akaninong'oneza.

Basi nikamwonyesha Solofo mamba kwa kidole kilichopinda, nikikitikisa.

Akadhani namwita. Akapiga kasia mara mbili tatu kuja ufukoni, na pale alipotoka, taya zikauma maji matupu.

Akashuka, akafunua sufuria.

"Shemeji, unaniita kula, mchele wenyewe mkavu?"