Fumbo Lisilo na Maneno

Ummukulthum alipouona mtandio wa kijani wa Miska safu ya mbele yake, alijua ametegwa.

"Nazneen," alimnong'oneza binti yake, "na huyo kafuata nini huku?"

"Muziki, mama. Kaa basi."

Akakaa, mkoba akautupa kwenye kiti kitupu cha pembeni. Tangu harusi ya kule Edmonton, Kanada, pale Miska alipotangaza mbele ya wanawake wote kwamba sambusa za Ummukulthum ni za dukani, za kwenye friza, mashoga hawa wa tangu utotoni Unguja hawajasemeshana. Ummukulthum aliapa kuwa hafungui kinywa mpaka aombwe radhi. Na kila Jumapili, kwa mazoea, alipika chai ya watu wawili, akainywa peke yake kwa hasira.

Okestra ya mkoa ilikuwa imekuja kwenye mji wao mdogo wa Kanada kupiga onesho lake la majira ya baridi, simfoni ya karne ya kumi na tisa. Fidla zilianza chini chini, kama watu wanaoteta jikoni. Tarumbeta zikadakia. Kisha ngoma ikaitikia: ndu! ndu!

Ummukulthum kakulia kwenye taarabu. Wimbo haupigwi bure. Una mtu wake.

"Nasemwa," alisema.

"Na nani, mama? Muziki wenyewe hauna hata maneno! Mtunzi mwenyewe Mjerumani, kafa zamani."

"Ndiyo ujanja wenyewe. Fumbo mfumbie mjinga."

Mabega ya Miska yakaanza kutikisika. Akatoa leso, akaziba mdomo. Anacheka! Fidla zikapanda, zikashuka, zikarudia neno lile lile: friza, friza, friza. Kiongozi wa okestra akainyoosha fimbo yake upande wao. Hata yeye kaambiwa! Ummukulthum akajifunga mtandio kiunoni, tayari kusimama.

Muziki ukakatika. Ukumbi mzima kimya.

Nazneen akamshika mkono. "Usipige makofi, mama. Bado sehemu tatu."

"Makofi? Nitampiga yeye!"

Lakini Miska ndiye aliyesimama kwanza. Akageuka, macho mekundu, wanja umemchuruzika mpaka kidevuni.

"Basi, Ummu! Yaishe! Sambusa zilikuwa za mkono wako, nilikuonea wivu tu. Lakini ndiyo umtume mwanao aniletee tiketi, kumbe umekodi Wazungu jukwaa zima waje kunisuta?"

Ummukulthum akamtazama Nazneen. Nazneen alikuwa akitazama dari.

Taratibu, Ummukulthum akauondoa mkoba kitini.

"Huo ubeti wa kwanza tu, shoga," alisema. "Njoo ukae. Zimebaki tatu."