Asilimia Hamsini na Tisa

Chozi lilitoka mapema mno.

"Hapana, Mama," Mshauri alisema, akisimamisha saa ya kwenye simu yake. "Tulikubaliana chozi ni baada ya 'miaka ishirini na saba ya ndoa'. Ukilia mwanzoni watu wanakuona dhaifu. Tumewauliza, wamesema wenyewe."

Mama alijifuta kwa kiganja. Alikuwa amesimama juu ya kigoda katikati ya sebule, gauni jeusi likiwa bado halijapindwa chini, na fundi cherehani amepiga magoti sakafuni na pini mdomoni. Mapazia yalikuwa yamefungwa tangu juzi. Ukutani, picha ya mumewe yenye maneno CHAGUA MWALIMU MKUU ilishapachikwa utepe mweusi, ili mpiga picha aone kama unakaa vizuri.

"Naomba nikakae naye kidogo chumbani," Mama alisema. Ilikuwa mara ya nne tangu asubuhi.

"Utaenda. Tumalize hotuba kwanza."

Alichotaka kilikuwa hicho tu, kuketi kando ya kitanda cha mumewe. Mlango wa chumba ulikuwa hatua sita kutoka kwenye kigoda. Aliyeruhusiwa kuingia na kutoka ni wifi yake, mataulo mkononi na mdomo kimya, maana kura ya maoni haikuwa na swali lolote kuhusu dada wa mgombea.

Zamani haikuwa hivi. Mwalimu Mkuu aligombea ubunge mara mbili kwa miguu yake mwenyewe. Alipita nyumba hadi nyumba, akabishana na watu kuhusu barabara na zahanati, akatukanwa, akacheka, akaombwa radhi, akapigiwa kura. Safari hii chama kikamletea Mshauri, na wote pale nyumbani wakasema mgeni njoo, mwenyeji apone. Mgeni akaja na wapiga simu kumi na wawili, akauliza watu mia tisa wanapenda nini, kisha akambadilisha mwenyeji shati, kicheko na sera. Zahanati ikafutwa kwa sababu vijana, ndio wengi, walisema wao hawaugui. Mwalimu Mkuu alikubali yote, maskini, akidhani ndiyo siasa ya siku hizi. Wiki ya tatu akaanguka jukwaani, na tangazo likasema ni uchovu. Neno "moyo" lilikuwa linawatisha wapiga kura.

"Twende tena. Kuanzia pale pa 'mtu wa watu'."

Mama akavuta pumzi. "Marehemu mume wangu alikuwa mtu wa watu. Nilipougua, alinifulia nguo kwa mikono yake..."

"Hiyo tumeitoa, Mama."

"Lakini ni kweli."

"Sijasema ni uongo. Wanaume wa miaka thelathini na tano kwenda juu wameikataa. Inatushusha pointi tatu. Sema alikuwa akikusomea gazeti."

"Gazeti! Hakuwahi kunisomea gazeti hata siku moja. Bila miwani alikuwa haoni hata bango lake mwenyewe, na miwani ulimvua wewe."

Fundi alicheka na pini zake, akaona hana mwenzake, akarudi kwenye pindo.

Simu ya Mshauri ikaita. Aliipokea kwa adabu zote. "Hapana, daktari, usijisumbue kuja kumtibu leo. Gari lako likionekana hapa getini, habari itavuja kabla ya wakati wake." Akaikata, akamsogezea Mama kishikwambi. "Tazama mwenyewe, usije ukasema nakulazimisha. Mgombea aliye hoi kitandani, asilimia ishirini na sita. Mjane wake, hamsini na tisa. Tume inapokea jina la mbadala mpaka kesho saa kumi. Ikipita hapo, kiti anakikalia mpinzani wetu, yule mnyang'anyi wa mashamba, na kazi yote ya mumeo imekwenda na maji."

"Na kimebaki nini?"

"Cheti cha kifo tu kutoka kwa daktari. Leo hii, au kesho asubuhi ikichelewa sana."

Mama alizitazama zile namba mbili kwa muda. Miaka kumi na tisa alikuwa amefundisha darasa la kwanza, akijua vizuri mtoto anavyofika mahali akaacha kuuliza kwa nini, akafuata tu mstari wa ubaoni. Sasa alijiona yeye ndiye mtoto huyo, na ilimuuma, lakini maumivu yenyewe hayakuwa na pa kwenda. Akaliacha lile la kufua. Akalisema la gazeti mara moja kwa kigugumizi, mara ya pili vizuri, na mara ya tatu akamwona kabisa mumewe kitini, gazeti mkononi, akimsomea.

"Safi sana, Mheshimiwa," Mshauri alisema, kwa mara ya kwanza akimwita hivyo. "Umeona? Sasa mikono. Usilishike gauni. Mkono mmoja kifuani, mwingine uache."

Mama akauacha.

"Kichwa juu kidogo. Hapo hapo. Usijikune mpaka nikwambie."

Pua ilikuwa inamwasha. Hakujikuna. Fundi aliweka pini ya mwisho, akarudi nyuma kuangalia kama pindo limelala sawa pande zote, akatikisa kichwa kwa kuridhika. Kazi ilikuwa nzuri. Mshauri akaanzisha saa upya, akainua kidole.

Mlango wa chumbani ukafunguka. Wifi alisimama pale, mataulo yamemwangukia miguuni, anahema.

"Wifi! Mumeo ameamka! Anaomba maji, na anakuita wewe."

Mama hakushuka kwenye kigoda. Alimgeukia Mshauri, akangoja kuambiwa.