Simba Asiye na Kichwa

Mnunuzi alisema atazichukua chupa zote za duka la dawa, zile za kale za kioo zilizochorwa simba wa dhahabu, mradi ziwe tupu na safi. Basi Bi Rozina, mjane wa mwenye duka, akakaa mlangoni akimwaga dawa zilizomo mferejini, chupa moja moja. Dawa ya usingizi ilipopita, bata wa mtaa mzima walilala wakielea. Ya kikohozi ilimnyamazisha mbwa wa jirani, na hajabweka hadi leo.

"Wifi, hata hili hulicheki?" aliuliza Tekla, dada wa marehemu. "Tangu tumzike hujalia, hujacheka. Hutaki kubaki hata na moja?"

"Zote ziende," alisema Rozina, kama mtu anayetaja bei ya chumvi.

Mnunuzi akaja, akazigeuza juani, akazipanga kwenye majani makavu. Moja akairudisha.

"Hii hapana, mama. Simba wake hana kichwa, dhahabu imefutika. Tupa tu."

Rozina aliipokea. Palipokuwa na kichwa palibaki duara la kioo kitupu, pale pale mumewe alipokuwa akikaza kidole gumba kila alipomimina dawa, miaka yote ile.

Aliweka kidole gumba chake hapo. Kilikuwa kidogo, kikabakiza nafasi pande zote. Akaiinamisha chupa taratibu, kama anayemmiminia mgonjwa, ingawa haikuwa na kitu ndani.

Mferejini, bata mmoja akafumbua jicho.