Mkono wa Binti Abbasi

Uji ulimpata Shamsia kifuani, ukateremka kwenye kanga yake mpaka miguuni.

"Nimesema sili cha mkono wako," alisema mama mkwe wake kutoka kitanda cha wodi. "Mwiteni mwanangu."

Shamsia alijifuta kwa ncha ya kanga. Kisha akainua shuka, na hapo akabana pumzi. Mama Tupokigwe alikuwa amejiharishia tena. Majimaji ya kijani, yenye utelezi, yalikuwa yamelowesha godoro na kumpanda mgongoni hadi shingoni. Harufu yake haikuwa ya choo peke yake. Ilikuwa na utamu wa kuchefua, kama ndizi zilizoozea kwenye maji ya samaki. Shamsia alimgeuza, akamsuuza, akakunja shuka, akatoka uani kutapika. Aliporudi alimkuta mkwewe akimtazama kwa kinyaa, utadhani mchafu ni yeye.

Kinyaa hicho hakikuanza na ugonjwa. Mwanawe, Lukasi, alimwoa Shamsia, binti wa mzee Abbasi, muuza vitenge wa Tukuyu mjini, akampeleka kijijini Kinyala kwenye migomba na chai ya mama yake. Tangu siku hiyo Mama Tupokigwe hakuwahi kuonja chakula cha mkamwana wake. Kikombe alichokigusa Shamsia kilisuguliwa kwa majivu. Hata jina lake halikutajwa. Aliitwa "huyo binti Abbasi", tena huku akikunjiwa pua.

Sasa Mama Tupokigwe alikuwa anakauka. Dawa kali za nimonia zilimponya kifua zikamharibu tumbo, na kila kidonge kilichofuata kilichochea kuhara badala ya kuzuia. Watafiti wa hospitali ya chuo kikuu walikuwa wamepewa wodi moja katika hospitali ya Tukuyu alikolazwa, na kila asubuhi mabingwa walimzunguka: wa matumbo, wa upasuaji, wa figo, wa damu. Wote walivaa barakoa. Asubuhi moja bingwa wa figo alikatiza maelezo yake, akatoka nje mbio.

Dokta Godwin, aliyeongoza utafiti, alifunga mlango akazungumza na mgonjwa na mwanawe peke yao. Alizungumza kwa muda mrefu. Lukasi alitoka akitema mate.

"Amekubali dawa yao?" Shamsia aliuliza.

"Amekubali. Anasema heri hiyo kuliko kaburi." Lukasi alijifuta mdomo. "Lakini mimi, mke wangu, nikiikumbuka tu..." Akatema tena.

Dokta alitaka watu wa nyumbani wapimwe, kuanzia damu. Majibu yalipotoka, aliwaita mume na mke ofisini.

"Lukasi, wewe hapana. Utapewa dawa zako," alisema. Kisha akamgeukia mke. "Dada, tutakutegemea wewe. Hulazimishwi, na ukikataa hakuna atakayekulaumu."

Shamsia alikumbuka uji ulivyomchuruzika kifuani. Akamtazama mumewe. Jana yake alikuwa amemkuta nyuma ya wodi akilia kama mtoto.

"Niko tayari, dokta."

"Basi ule vizuri, usimeze dawa yoyote bila kuniambia, na asubuhi usichelewe."

Walipotoka, Lukasi alimshika mkono. "Mama asijue majibu yetu. Nakuomba."

Asubuhi zilizofuata Shamsia alitokea kwa baba yake mjini, akapitia maabara, kisha akaingia wodini kufua na kudeki. Muuguzi alimpitishia mgonjwa mpira mwembamba puani mpaka tumboni, na dawa ikateremka taratibu kutoka kwenye mfuko uliofunikwa kitambaa. Mama Tupokigwe alifumba macho asiione. Alimshika mwanawe kiganja.

"Ndaga fijo, mwanangu," alinong'ona. "Asante sana."

Lukasi aliangalia sakafu.

Kuhara kukapungua, kisha kukakoma. Mashuka yakaanza kurudi makavu. Mgonjwa aliomba ndizi, akala sahani nzima iliyotoka jikoni kwa hospitali, akaomba nyingine. Mabingwa walikuja bila barakoa, wakapeana mikono juu ya kitanda chake. Mashavu yalipojaa, ulimi nao ukapata nguvu: Shamsia alifua vibaya, alitembea vibaya, alinuka kitunguu.

Siku ya shukrani, wanawake wa kwaya walijaa sebuleni Kinyala. Shamsia alikuwa jikoni tangu alfajiri. Alipakua ndizi na nyama, akawagawia wageni, mwisho akapiga magoti mbele ya mkwewe na kumtengea sahani yake.

Mama Tupokigwe aliisukuma kwa ncha ya kidole.

"Ninyi ni mashahidi," aliwaambia wenzake. "Tangu mwanangu aoe, hakijaingia tumboni mwangu kitu kilichotoka kwa huyu. Nilikaribia kufa, na bado hakikuingia. Aliyeniponya ni mwanangu Lukasi."

Baadhi ya wanawake waliguna. Mmoja alirudisha tonge kwenye sahani, akaisogeza kando, akapangusa vidole vyake kwenye kitenge polepole, kidole kimoja baada ya kingine. Mlangoni, Lukasi alimtikisia mkewe kichwa: nyamaza.

Shamsia alilitazama lile tonge lililorudishwa. Hakuinuka. Alisema kwa adabu, kwa sauti ile ile aliyowakaribishia wageni:

"Mama, dokta alikueleza kwamba dawa ile ni choo cha mtu mwenye afya wa nyumbani kwako, kilichochujwa kwa maji, nawe ukakubali ukidhani ni cha mwanao. Lukasi alikutwa na minyoo. Kilikuwa changu."