Nyumbu Aliyetazama Maji

Kwa nyumbu, adabu ya safari ni moja tu: tazama mkia wa aliyekutangulia, na usiulize. Nyumbu jike mmoja, jina lake Mbishi, hakuwa na adabu hiyo. Siku kundi lilipofika mtoni, aliinua kichwa, akatazama maji, akasimama katikati ya njia.

"Sivuki," alisema. "Yale magogo yanapumua."

Kundi zima likamcheka. Wa nyuma wakamsukuma, wa pembeni wakamwita mwoga, na Ndevu, mkubwa wao, akaja anahema kwa hasira.

"Unatuaibisha, binti! Babu yangu alivuka hapa hapa."

"Shikamoo, mzee. Alifika ng'ambo?"

Miaka yote hiyo hakuna aliyewahi kumuuliza Ndevu swali hilo.

"Nilikuwa ndama, nikabaki ukingoni," alisema polepole. "Mkia wake niliuona ukiingia majini. Ukitoka... sikuuona."

Ndipo kundi likainua vichwa kwa mara ya kwanza. Gogo moja likafumbua jicho.

Hakuna aliyecheka tena. Walimfuata Mbishi mpaka mbali, penye maji ya magotini na changarawe inayoonekana, wakavuka wote, hata ndama. Ndevu alikuwa nyuma yake, macho yameganda kwenye mkia wake.

Mbishi akageuka.

"Mzee, usinitazame mkia. Tazama maji. Kesho huenda nikakosea mimi."